Salamu Niliyoijibu Mtoni

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya upondo ukipiga maji. Pah, halafu kimya, halafu pah tena. Msimu wa kuvuna mpunga familia yetu ilihama kijiji chetu cha Umwe na kushukia bondeni, tukaishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji na nguruwe visitufikie. Kulinuka tope linalokauka na mpunga mbichi, na mbu wa kule hawakuwa na haya. Maji ya kunywa na kupikia tuliyachota mtoni, na Rufiji ina mamba. Kwa hiyo hakuna aliyechota peke yake. Mmoja aliingia na ndoo hadi magotini. Mwingine alisimama ukingoni na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akipiga maji na kuyakazia macho mpaka mwenzake atoke.

Msimu ule nilikuwa na miaka kumi, na Bibi, mama yake Mama, akaamua kuwa nimeshakua wa kushika upondo. Alinifundisha kwa makofi. Alinisimamisha ukingoni, yeye akapita nyuma yangu akiniita, akinisema, akinidanganya kuwa Mama anakuja na miwa. Nikigeuka tu, kofi la kisogo. Siku moja alinipiga mpaka sikio likavuma hadi jioni. "Ukishika upondo huna mama, huna bibi," aliniambia. "Hata nikifa hapa nyuma yako, wewe tazama maji." Sheria hiyo ilijulikana bonde zima. Aliyeshika upondo hakusalimiwa, na mtu akisahau akamsalimia, hakuitikiwa, wala hakuna aliyesema mtoto yule hana adabu. Nilimchukia Bibi kwa makofi yale, tena sana, lakini kufikia wiki ya tatu angeweza kuvunja chungu nyuma yangu nisipepese. Ila kwa salamu ya dini hakuwahi kunijaribu. Nadhani aliona si jambo la kuchezea.

Mwezi huohuo alikuja Maalim mpya kutoka milima ya kusini, Umatumbini, kuwafundisha Kurani watoto wa bondeni. Alikuwa mtu mpole, kanzu yake safi hata kwenye tope lile. Alitufundisha kwamba kutoa salamu ni suna na kuijibu ni wajibu, na aliyenyamaza alionja fimbo. Kwao walichota maji kwenye chemchemi. Upondo aliujua kama kitu cha mtumbwi tu, na hakuna mtu mzima aliyekumbuka kumweleza zaidi ya hapo.

Alasiri moja dada yangu Zuhura, aliyenizidi miaka minne, aliingia mtoni na ndoo. Mimi nilikuwa ukingoni, nikipiga maji kama nilivyofunzwa. Nyuma yangu nikasikia, "Asalaam aleikum." Sauti niliijua. Nikageuka mwili mzima, kama Maalim mwenyewe alivyotaka, nikamjibu yote mpaka wabarakatuh. Nilipoyarudia maji, ndoo ilikuwa inaelea na Zuhura hayupo.

Akaibuka mara moja, mkono wa kulia umo kinywani mwa mamba hadi kiwiko, akipiga ukelele ambao sitausimulia. Mama alitoka shambani mbio, akajitupa majini, akamtia yule mamba vidole machoni. Mamba akajiviringa, na mimi niliyekuwa hatua chache tu nikausikia mfupa ukivunjika. Bibi aliingia na panga. Alikata, akakata tena, maji yakawa mekundu, na hadi leo hakuna kati yetu anayejua panga lile lilikata nini kwanza. Walimvuta Zuhura hadi ukingoni bila mkono. Maalim alivua kilemba akafunga pale palipobaki, akilia waziwazi. Kisha Bibi akauokota upondo, akanipiga nao mgongoni.

"Nilimwitikia Maalim," nikawa nalia.

"Nimesikia," akasema, akaendelea kunipiga mpaka ukakatika vipande viwili. Maalim alipojaribu kumshika, naye akapata pigo lake.

Kesho yake wajomba walimwua mamba kwa mikuki, wakampasua, wakaukuta mkono, wakauzika makaburini. Zuhura alikaa hospitali mpaka mavuno yakaisha. Aliporudi nilimwangukia miguuni nikamwomba radhi. Hakunipiga, na nilitamani anipige. "Ungemjibu nikishatoka," alisema. "Asingekasirika yule." Hakuliongelea tena.

Leo nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Kibiti. Ina mkanda mrefu usio na kizuizi, unaozunguka kwa kasi kiasi kwamba jicho halioni mwendo. Simu yangu naiacha nyumbani. Mashine ikishawaka simjibu mtu, si mteja, si shehe, si ndugu, na mjini wanasema nina maringo. Kule bondeni, kabla ya siku ile, watu wote walikulindia macho yako. Hapa kila mtu anayavuta upande wake, na kulinda ni kazi yangu peke yangu.

Juzi alikuja mama mmoja na gunia lake. Alinisalimia mara tatu, nikakaza macho kwenye mkanda. Akakasirika, akazunguka mashine aje kunikabili. "We dada, dini hukufundishwa?" Upepo wa mkanda ulikuwa umeshainua pindo la kanga ya begani mwake. Nilimpiga kifuani kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote. Alirushwa nyuma, akajipindua akaangukia magunia kifudifudi, mdomo ukapasuka. Kanga ilikwenda na mkanda, ikatoka upande wa pili vipandevipande. Wateja walipiga kelele kuwa nimepata wazimu, mwanamume mmoja akanikaba shingo. Nikajinasua, nikazima mashine, nikasubiri mkanda usimame kabisa. Ndipo nikamwendea yule mama pale chini, damu ikimtoka, nikamwambia, "Waaleikum salaam."