Nani alikuwa na gogo?

Mguu wa Amule umevunjwa na picha. Ndiyo, picha.

Leo tumepeleka wageni kutazama mlima kule mbele ya Koboko, karibu na mpaka wa Kongo. Amule, dereva wangu, alikuwa kwenye usukani. Sisi saba tukashuka tutembee nyuma, maana kwenye mwinuko ule wa tope breki peke yake haitoshi.

Mnajua desturi yetu: mtu mmoja anafuata gari na gogo. Injini ikizima, analisukumia chini ya tairi. Basi.

Leo nilikuwa nalo mimi, lakini shemeji, mume wa dada yangu, akaninyang'anya. "Lete, mzee. Wewe umechoka."

Kona ya tatu, upande wote wa Kongo ukafunguka. Pazuri kweli, sikatai.

Injini ikazima.

"Gogo! Weka gogo!" Amule anapiga kelele.

Nageuka. Gogo liko chini, shemeji anajipiga picha!

Gari ikarudi. Nyuma yake wanawake wanne, dada yangu mmoja wao. Amule akakata usukani, akaigongesha ukingoni isiwafikie. Mlango ukabonyea, ukambana mguu.

Hapa hospitali dada ananivuta pembeni: "Kaka, sema breki ilikufa. Tafadhali."

Breki niliyoifunga mpya Arua wiki jana! Gari niliyoinunua kwa miaka tisa ya kuuza mihogo!

Mke wa Amule ameingia sasa hivi kutoka Ajia. Hajauliza breki. Amesema tu: "Nani alikuwa na gogo?"

Shemeji anatazama sakafu. Dada ananitazama mimi.

Nyinyi mngejibu nini? Mimi nimemtaja.