Wazee wa China Waliobishana Geita

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kusema neno hata moja. Karani Mkuu wa baraza la Shinyanga, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alinikalisha nyuma ya mkalimani mzee akaniambia nisikilize tu. "Leo wewe ni sikio," alisema. "Ukishakuwa sikio zuri, tutafikiria kukufanya mdomo." Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, Kiingereza kinanichemka tumboni, nikaona nimeonewa. Vita vya Hitla vilikuwa bado havijaisha na wengi wa rika langu walikuwa wameondoka na bunduki. Mimi nilipewa benchi.

Kwenye benchi lile ndipo nilipojifunza kitu kilichonilisha maisha yangu yote. Sisi tulikiita kurudisha neno. Mkalimani akishatafsiri maelezo ya mtu, kabla hakimu hajaandika, alimgeukia yule mtu na kumweleza tena, kwa Kisukuma, yale yaliyokwisha kusemwa kwa Kiingereza. Mtu akisema, "Ee, hayo ndiyo yangu," kesi iliendelea. Akisita, tulianza upya, hata kama hakimu alikuwa na njaa. Ninyi vijana mnaotafsiri leo na vidude masikioni hamna subira hiyo, na sipendi kuwasema, lakini nawasema.

Vita vilipokwisha nilihamishiwa Geita, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu, chini ya Ofisa Ustawi. Huyu alikuwa Mzungu aliyesimamia mambo ya wafanyakazi wakiwa nje ya shimo: mpira, sinema, darasa la kusoma. Alikuwa amepigana Burma pamoja na askari wetu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshini, hakijui adabu ila kinafika. Kazi yangu ilikuwa kumtafsiria mikutanoni na kusoma magazeti kwa sauti ukumbini kila jioni, maana wasiojua kusoma walikuwa wengi.

Siku moja aliniita, akaweka mezani vitabu viwili. Vyote vilikuwa Kiingereza, na vyote vilikuwa kitabu kimoja, cha Wachina wa kale, kinachofundisha mbinu za vita. Watafsiri wawili tofauti walikuwa wamekishughulikia. Alitaka niweke kimoja kwa Kiswahili, niwasomee askari wastaafu waliokuwa wakifanya kazi mgodini.

"Wewe chagua," alisema. "Lakini mimi nataka hii nyembamba. Askari hapana taka maneno mingi."

Nilivisoma vyote viwili. Kile chembamba kilikwenda moja kwa moja: fanya hivi, usifanye vile. Kile kinene kilikuwa na vurugu. Chini ya kila agizo, mtafsiri alikuwa ameweka maoni ya wazee wa China waliokuja baadaye, na wazee hao hawakubaliani hata kidogo. Huyu anasema agizo lina maana hii, yule anasema mwenzangu hajui vita. Kwa akili ya kikarani, chembamba ndicho kilichofaa. Lakini sikutaka kuchagua kabla ya kurudishiwa neno na wasikilizaji wenyewe, nikaamua nisome fungu moja kutoka kila kitabu, nione lipi litarudi.

Kati ya wasikilizaji wangu alikuwepo Masanja, tuliyezoea kumwita Baba Kulwa kwa jina la mwanawe. Macho yake yote mawili yaliharibiwa na kombora huko Burma. Hakuwa mfanyakazi, aliishi kambini kwa shemeji yake, lakini kila mtu alimjua kwa sababu alikuwa manju, yaani mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma. Kwetu Usukumani manju si mtu wa kupigapiga tu. Baada ya mavuno ngoma mbili hushindana, zinapiga kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watu huenda inakowavuta. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda. Tangu Masanja arudi kipofu alikuwa ameshindwa kila msimu na kijana mmoja, Lukelesha, aliyemfundisha yeye mwenyewe. Wachezaji wake walishamwambia: ukishindwa tena mwaka huu, tunatafuta manju mwenye macho.

"Mwangaluka, Mkalimani," alinisalimia kwa Kisukuma asubuhi ya Jumapili niliyopanga kusoma, akikaa mstari wa mbele. "Nasikia leo unatusomea vita. Soma. Macho yangu yamekwenda na vita, ngoma yangu sitaki iende na mtoto niliyemshika mkono mimi."

Nilianza na chembamba. Wale askari walikaa wima, mikono magotini, kama wako gwaride. Nilipomaliza nikaigeuza desturi ya baraza, nikamwomba Masanja arudishe neno yeye. Alilirudisha lote bila kukosea.

"Hayo ndiyo?" nikamuuliza.

"Ndiyo hayo. Hicho kinaamrisha. Nilishaamrishwa vya kutosha, ndugu yangu, unaniona nilivyo."

Nikafungua kinene, mahali penye agizo lile lile: adui akija na kishindo, ufanye nini. Nikasoma agizo, nikasoma maoni ya mzee wa kwanza, anayetaka adui akabiliwe mapema, watu wasije wakazoea kumtazama. Nikasoma ya mzee wa pili, anayetaka aachwe avume mpaka achoke na mvumo wake. Kabla sijafika kwa wa tatu, ukumbi ulikuwa umechafuka. Mpasua miamba mmoja alisimama akasema mzee wa kwanza ana haki, yeye aliyaona hayo Burma. Mwingine akamwambia akae, Burma alikuwa mpishi. Masanja alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bebe, wewe, rudia huyo wa pili," aliniambia. "Kumbe hawa wako barazani!" Halafu akainua uso kuelekea sauti yangu. "Wewe unamwamini nani?"

"Mkalimani haulizwi hilo, Baba Kulwa."

"Basi mimi ndiye nitakayeulizwa, uwanjani. Soma."

Nilikwenda kwa Ofisa Ustawi nikamwambia nimechagua kinene. Alikunja uso. Alisema watu watabishana tu na hakuna atakayejifunza kitu. Nikamjibu kwamba chembamba kinarudi kizima lakini kinarudi baridi. Akasema nisubiri, yeye ataamua baada ya mavuno. Kwa wiki zile zote nilikwenda kwa Masanja nikamtafsiria kile kinene papo hapo, huku mkewe, Mama Kulwa, akipepeta choroko na kunitazama kwa mashaka. Alikuwa na haki. Mumewe alikuwa anaweka heshima yake yote juu ya maneno ya watu waliokufa, tena wa mbali, na aliyemletea maneno hayo ni mimi.

Siku ya ngoma uwanja wa mpira ulijaa. Lukelesha aliingia na chatu mzima shingoni, ngoma zake zinaunguruma, na watu wakamiminika kwake wote. Upande wetu Masanja alikaa kwenye kigoda. Wachezaji wake walikaa chini nyuma yake, njuga miguuni, hawachezi. Ngoma zao zilikuwa zimelazwa kando ya moto wa mabua, ngozi zikipashwa.

"Anatuaibisha," mchezaji mmoja alisema kwa sauti, akaanza kufungua njuga zake. Mama Kulwa alinitazama. Sijawahi kuona haya vile barazani, hata mbele ya jaji. Nikainama kwa Masanja nikamwambia watu wake wanaondoka.

"Unasikia ile ngoma kubwa ya Lukelesha?" aliniuliza.

"Naisikia."

"Inakohoa. Ngozi imelegea. Atasimama aipashe moto, na hawezi kuipasha huku anaipiga."

Jua lilikuwa limeanza kupoa. Kweli, Lukelesha alisimama, vijana wake wakakimbilia kuni. Uwanja ukawa kimya. Katika kimya hicho Masanja aliinuka akaimba peke yake, bila ngoma. Aliimba wazee wawili wa China wamekaa barazani Geita wanagombana juu ya adui mwenye kishindo. Nusu ya wachezaji wakajibu kwa mzee wa kwanza, nusu kwa wa pili, na ndipo ngoma zake zilizokuwa motoni mchana kutwa zilipopigwa. Watu waligeuka. Mwanzoni walikuja kutazama, kisha wakaanza kuchagua mzee wa kumtetea, na mtu aliyekwisha kuchagua upande haondoki mpaka ashinde. Lukelesha alipiga tena, akamzungusha chatu juu, lakini hakuna aliyetaka kuacha ubishi katikati. Jua lilizama huku Lukelesha mwenyewe amesimama kwetu, anajibu upande wa mzee wa kwanza kwa nguvu zake zote. Masanja alimtambua kwa sauti, akanyoosha mkono, na yule kijana akaja akaushika.

"Wabeja, Mkalimani," Masanja alinishukuru, machozi yakimtoka katika macho yale yasiyoona. Na mimi nililia, sioni sababu ya kuficha.

Ofisa Ustawi alikuwa amesimama ukingoni, kofia mkononi. "Haya," alisema. "Soma ile nene."

Nilikisoma ukumbini mpaka mwisho. Baadaye nilipelekwa upande wa Songwa, kwenye almasi, chini ya Meneja wa Kambi asiyependa kitabu chochote, kisha nikarudishwa Shinyanga, nikamaliza utumishi nikiwa Mkalimani Mkuu na kalamu mbili mfukoni. Tafsiri yangu haikuchapwa. Vijana wanaokuja kunisalimia hapa kwangu Didia huniuliza tafsiri ipi ya kitabu kile ni bora, nami huwauliza watamsomea nani. Wengi hawajafikiria hilo, wananywa chai yao wanaondoka.

Masanja tulimzika Kishapu, kwao. Alikufa akiwa manju. Tulipomaliza kumfukia, Lukelesha, naye sasa ana mvi, aliuanzisha ule wimbo, na waombolezaji wakagawanyika pale pale makaburini, wengine kwa mzee wa kwanza, wengine kwa wa pili. Niliwaaga mapema kwa sababu ya miguu yangu. Nilipofika barabarani nilisimama nikasikiliza, na walikuwa bado wanabishana.