Mawe ya Pantoni

Kijiji chetu kimekaa kati ya lami iendayo Musoma na mto Mara, pale mto unapopungua kasi na kujaa mafunjo, karibu kuingia ziwani. Ukishuka njia ya ng'ombe kupita kanisani, unafika mahali pantoni ilipokuwa ikitia nanga kabla ya daraja kujengwa. Palikuwa pamebaki mawe saba makubwa ya kuchongwa. Mwaka niliojenga jiko, niliyabeba kwa mkokoteni siku mbili, nikayafanya msingi. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilijiambia ni mawe tu.

Kisha mwalimu akaleta darasa la saba kuona sehemu za kihistoria za kijiji. Aliyewaongoza alikuwa jirani yangu, mzee aliyefanya kazi kwenye pantoni ile tangu ujana wake. Mimi nilikuwa mtoni nafua.

"Hapa ndipo tulikuwaga tunafunga kamba," alisema, akaangalia chini. Nyasi tupu. Akasogea hatua kadhaa, akarudi. "Au ni kule?"

Watoto wakaanza kucheka. Mwalimu akamshika mkono. "Mzee, labda umesahau. Tuendelee tu."

Mzee akanigeukia mimi. "Mama, si ni hapa?"

"Sijui, baba. Mimi nimeolewa tu hapa."

Nikaendelea kusugua shati lililokuwa limeshatakata.

Tangu siku hiyo binti yake akamzuia kutoka peke yake. Jumapili alisimama kanisani akasema baba yake anapoteza kumbukumbu, tumwombee. Nilifumba macho pamoja na wengine, nikamwombea.

Mwezi haukuisha, nikashindwa kuvumilia. Nilienda kwao nikasema yote, binti akiwepo. Mzee hakunifokea. Aliomba fimbo yake, tukaenda hadi jikoni kwangu. Akainama, akapapasa msingi mpaka akapata jiwe lenye mchubuko wa kamba.

"Kumbe sijachanganyikiwa," alisema. Alifurahi kweli, na furaha ile iliniumiza kuliko matusi.

Binti yake aliniangalia. "Na ukatuacha tumwombee?"



Nilimweleza mwalimu pia. Lakini darasa lile lilikuwa limeshafanya mtihani wa mwisho, watoto wametawanyika, wengine Bunda, wengine mjini. Huko waliko, wanamkumbuka kama babu aliyepotea kijijini kwake mwenyewe.