Verlene Aenda Kumwona Kaka Yake

Verlene Stidham, mpishi wa shule huko Kentucky, alisubiri wiki saba achunguzwe ndipo akaruhusiwa kumwona kaka yake Doyle katika gereza la serikali kuu. Doyle mwenyewe ndiye aliyeomba jina la dada yake liwekwe kwenye orodha ya wageni. Siku ya kumwona, mlinzi alimrudisha Verlene mlangoni kwa kuvaa suruali ya kaki, rangi ya sare za wafungwa. Akaenda kununua sketi, akarudi.

"Nilijua utanisamehe, dada," Doyle alisema.

"Nani kakwambia? Vidonge vya kulevya ulivyouza vilimuua mwanangu. Barua ungeichana, simu ungeikata. Nimekuja nikwambie usoni: mimi si dada yako."

Akaondoka hata dakika tano hazijapita. Wiki iliyofuata Doyle alimfuta kwenye orodha. Verlene alisema safari moja ilimtosha.