Ndengu Zenye Majivu

"Njaa iko Kyuso, mwalimu." Hilo ndilo jibu nililopewa na vijana wa kanisa letu hapa Tawa nilipowauliza njaa iko wapi, na damu ikanichemka. Mimi nimezaliwa Kyuso. Tulikuwa tunajiandaa kuchangia watu wa huko, na kwa kuwa ndimi ninayewafundisha Jumapili mchana, nilitaka tuzungumze kwanza. Wakaendelea: ati watu wa njaa ni wavivu, ati ukitaka kuwajua angalia mbavu. Mmoja akamwonyesha kidole msichana mnene aliyeketi karibu na dirisha, akasema huyo njaa haimjui hata kwa picha. Wakacheka, msichana naye akacheka. Nikasema basi, imetosha.

"Ebu semeni njaa kwa Kikamba," nikawaambia. Wengine wakasema nzaa, wengine yua. Haya! Kiswahili kimetupa neno moja, nasi tukadhani ni kitu kimoja. Nzaa ni ya tumbo, ukila inaisha. Yua ni ya boma zima. Yua inaweza kukaa nawe mezani ukila muthokoi ukashiba kabisa, kwa sababu mbuzi wa karo mshamla, na kinachofuata kuliwa ni mbegu. Na mvua ikikataa haiulizi nani mvivu. Babangu alikuwa shambani kabla jogoo hajawika, na bado yua ilitupata. Waliitikia kwa vichwa, lakini vijana huitikia hata wakichoka, kwa hivyo sikujisifu.

Jumapili iliyofuata wakaleta vyakula. Kwetu mazao ya sadaka hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, na pesa ndizo zinazotumwa. Yule msichana alileta ndengu ndani ya mfuko wa unga. Nilipozishika zikaniachia vumbi la kijivu mkononi. Majivu! Hakuna anayepaka majivu ndengu za kupika. Hizo ni za kupanda, majivu ni ya kufukuza wadudu. Na mvua tulikuwa tunaingoja wiki hiyo hiyo.

Nikamvuta kando. "Mama anajua umeleta hizi?"

"Ni yeye alinipa," akasema akiangalia viatu vyake. "Hatukuwa na kitu kingine. Alisema nisiende mikono mitupu, watu watasema yua iko kwetu."

"Na mtapanda nini?"

Akainua mabega.

"Rudi nazo nyumbani, mwanangu."

"Ameshaziombea, mwalimu. Kitu cha Mungu hakirudi."

Haki nilitaka kulia, na nilitaka kumgombeza mtu, sijui nani. Mnada ulipofika kwa ule mfuko nikapaza sauti hadi mchungaji akanigeukia. Mfanyabiashara mmoja wa Tulia, aliyekuja kuona jamaa zake, alizipenda. Akapandisha bei, nikapandisha, akapandisha tena, na vijana wangu wakashangilia wakidhani ni mchezo. Ai, yule mtu alikuwa mgumu! Lakini mwisho alicheka akaniachia.

Jioni nikazipeleka kwa mama yake yule msichana. Nilidanganya bila aibu yoyote: nikasema nimepata mbegu na shamba sina, tafadhali anipandie kwake, tutagawana mavuno. Alinikaribisha, akanipa kiti, akafungua mfuko. Akachota kiganja kimoja, akakitazama. Nilijua amezijua, naye akajua kwamba nimejua.

"Mwenye hizi alijua kutunza mbegu," akasema.

"Alijua, mama."

"Nitazipanda kesho."

Kisha machozi yakamshuka, na sauti ikaanza kumtoka. Binti yake alikuwa nje anaosha vyombo. Aliacha sufuria, akaingia mbio, akafunga mlango, majirani wasisikie.