Konte ya Pili ya Kabange

Miye ni mama muzee, sikusoma sana, na sina kazi ya kudanganya bantu. Hii ilifika mu lupango yetu, hapa Likasi, muchana kweupe. Usipoamini, shauri yako.

Mujukuu wangu Kabange alizaliwa pacha. Mwenzake, Kyungu, alituacha angali ananyonya, hata foto yake hatuna. Lakini kwetu mapasa habapewe kimoja. Kabange akipata kikombe, tunaweka na cha Kyungu. Akishonewa nguo, tunashona mbili. Ilikuwa vile mpaka arusi ilipokaribia. Kabange akasema, "Kambo, kitenge kimoja inatosha. Ku kanisa batatucheka." Nilipiga kelele, hakunisikia.

Njo hapo ikatokea konte ingine ku internet, akaunti ya pili: jina la Kabange, uso wa Kabange. Akasema ni mwizi wa foto. Aliibloke, ikarudi. Rafiki zake balisinyale, balishitaki kwa benye internet, ikafungwa, ikafufuka. Ikamwandikia mama ya bwana arusi: "Arusi haitakuwa." Yule mama alifika kwetu na jasho usoni.

"Weye Kabange, mwana wangu alikukosea nini?"

Mutoto aliapa, akalia. Kichwa ngumu, ndiyo, lakini ni wangu. Nilimuhurumia.

Sasa sikiliza. Arusi imebaki kesho, Kabange amekaa chini mbele ya magoti yangu, ninamusuka. Telefone ikalia, ile ya kuonana sura. Nikafungua. Ni nani? Kabange! Amevaa kitenge cha arusi, na kitenge chenyewe kiko bado kwa fundi. Na nywele za Kabange ziko mu vidole vyangu!

Utasema ni ujanja wa mashini. Nami nilisema vile. Lakini Kabange wetu iko na kovu ku shavu, alianguka ku mbabula, jiko ya makaa, akiwa mudogo. Yule wa ku telefone, shavu lake lilikuwa safi. Uso ambao moto haukuugusa hata siku moja.

Akaniangalia na upole. "Kambo, na changu?"

"Kata, Kambo! Kata!" Kabange wetu akapiga kelele.

"Nyamaza weye, naongea na mutoto wangu." Nikageukia telefone. "Kyungu, chako kitakuwa. Kesho utavaa. Lakini acha kusumbua mama ya bantu. Tabia mbaya, hata kama uko mbali."

Akacheka, kicheko cha Kabange kabisa. Telefone ikazima.

Kabange mwenyewe alikimbia kwa fundi, kichwa kimesukwa nusu! Ku arusi, kitenge cha pili tulikikunja ku kiti, kando ya bibi arusi. Mama ya bwana arusi akauliza ni cha nani. Nikamwambia. Hakucheka. Aliinama, akakigusa: "Bonjour, binti yetu."

Ile konte haikuandika tena kitu. Lakini iko. Sasa Kabange iko na mutoto, na kila akiweka foto yake, moyo wa kwanza unatoka kwa Kyungu. Haibloke tena.

Weye unayesoma, wezi wa foto ni wengi. Ukiona sura yako ku konte ingine, sinyale mbio, usiogope. Lakini kama ulizaliwa pacha, mbele ya kubonyeza, jiulize kwanza ni nini ulimunyima mwenzako.