Upepo Ndani ya Bomba

Dada yangu alinyang'anywa zamu yake ya maji kwa sababu ya upepo. Sisemi upepo wa kuvuma, ule wa pale Same unaobeba vumbi la tambarare na kulimwaga kwenye chai ya watu. Nasema upepo uliokwama ndani ya bomba. Miaka imepita, watu wananiambia nisahau, na kila wakiniambia hivyo hasira yangu inachemka upya.

Shule niliiacha mapema. Mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nikachoka na fimbo yake, tukaachana bila kuagana. Tangu hapo sijatulia mahali. Nimekata mkonge kwenye mashamba ya tambarare pamoja na watu waliotoka kila pembe ya nchi. Nimebeba magunia ya mpunga Ndungu, nimepakia samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, nimekuwa utingo wa lori. Kazi zenyewe sikudumu nazo, ila sikuwahi kupita penye kitu nisichokielewa bila kukichokonoa.

Nyumba ya Mungu, nilipokuwa nikipasua perege, nilikuta ndani yake kifuko cheupe kilichojaa hewa. Ukikibonyeza kinapasuka, paa! Mvuvi mmoja akaniambia ndicho kinachomfanya samaki akae katikati ya maji bila kuzama wala kuibuka juu. Nikashangaa siku nzima. Kumbe upepo uliofungiwa ni riziki ya kiumbe.

Kwenye lori niliukuta tena, safari hii ukiwa adui. Miaka ile ya shida dizeli ilikuwa ya kuvizia, na lori letu lilizimika mlimani tangi likiwa kavu. Tukapata mafuta kwa taabu, tukayamimina, tukapiga stata, kimya. Dereva akachukua spana, akalegeza nati juu ya injini, akaniambia nipampu kwa mkono. Kwanza ikatoka fiii, kisha povu, kisha dizeli tupu. Akakaza nati, lori likanguruma.

"Lilikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Upepo. Dizeli ukiisukuma inasukumika. Upepo ukiusukuma unajikunja tu. Ukiuachia unajikunjua, na kazi haijafanyika. Kama wewe asubuhi."

Nilipolazwa na malaria, nilimwona nesi akigonga mpira wa dripu kwa ukucha, to, to, to, mpaka vipovu vikapanda. Nikamuuliza anagonga nini. Akasema, "Nagonga nisije nikakuzika." Alikuwa anatania, lakini nilikaa nikiuangalia ule mpira zaidi kuliko nilivyomwangalia daktari.

Na dada yangu, ambaye shule aliiona kwa mbali kuliko mimi, alikuwa akiutafuta upepo huo huo kwa bidii. Siku za gulio alipika vitumbua kwa mchele wa Ndungu. Hamira ilipokuwa haionekani madukani, alichachusha uji wake kwa sira za dengelua, ile pombe yetu ya miwa, na asubuhi aliangalia vipovu usoni mwa uji kabla ya kuwasha moto. Kitumbua kisicho na vishimo, alisema, mpe adui. Mwinjilisti wa usharika wetu alivipenda mno. "Mama, vitumbua vyako vina baraka," alimwambia, na dada akainamia kikaango asionekane anavyocheka.

Sasa nije kwenye bomba.

Kijiji chetu kiko juu milimani, upande wa Upare wa kusini. Maji ya mashamba yanatoka kwenye ndiva, yaani bwawa dogo lililojengwa na wazee wa zamani. Ndiva hujaa usiku, asubuhi kizibo kinachomolewa, maji yanashuka kwa mfereji kwa mwenye zamu. Zamu siyo kitu cha kuokota. Dada alikuwa nayo ya Alhamisi, aliyoachiwa na marehemu mume wake, na kwa zamu hiyo alilima tangawizi. Tangawizi ndiyo iliyomvisha, ndiyo iliyosomesha wanawe. Bila Alhamisi yake, shamba lile ni ukuta wa udongo mwekundu tu.

Tena ndiva ina sheria ambayo mtoto anainyonya na maziwa ya mama: mfereji ukikauka, panda juu ukamtafute mwizi. Na kweli, kwa mfereji, kila mara utamkuta. Kuna mtu ametoboa kingo, amejaza matope, ameiba saa moja ya mwenzake.

Nyakati zikabadilika. Maduka ya Same yakajaa vitu, mitumba ikapanda mlimani kwa marobota, na serikali nayo ikaanza kusema kila huduma ina mchango wake. Tukaletewa mradi wa maji ya bomba. Mabomba watatoa wafadhili, mtaro tuchimbe wenyewe. Baragumu la msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, likapigwa, na msaragambo kwetu hauna mjadala: usipokwenda kazini, wanakuja kuchukua kuku wako. Nilikuwa nyumbani msimu ule, nikachimba. Dada akachimba pia, jembe lake na langu bega kwa bega.

Mtaro ulipofika kwenye kahawa ya mwenyekiti wa kamati ya maji, ukasimama. Njia iliyopimwa ilipita katikati ya miche yake. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wengine walikuwa wanaing'oa, lakini ya mwenyekiti ilikuwa kama haiguswi na jua. Fundi aliyeletwa na mradi akazungumza naye kando, na aliporudi alituambia tuzunguke. Kuzunguka kulikuwa na maana ya kupanda kigongo, kisha kushuka tena.

"Maji yatapanda kweli?" nikamuuliza fundi.

"Chanzo kiko juu zaidi ya kigongo. Yatapanda."

Alisema kweli, lakini hakuimaliza. Hiyo nusu aliyoimeza ndiyo iliyomla dada yangu.

Maji yalikuja kwa wiki chache. Watu wa chini walicheza bombani, kinamama wakavua kata zao vichwani na kuzitupa. Mimi nikaondoka, nikarudi kwenye lori. Kiangazi kilipokaza, chanzo kikapungua, bomba likawa linanyonya maji pamoja na hewa. Siku moja maji yakakata kabisa. Chanzo kilikuwa bado kinatiririka, tangi la juu linamwagika, bombani chini hakuna hata tone.

Wakafanya walichofundishwa na mfereji. Wakapanda juu kumtafuta mwizi.

Nyumba ya juu kuliko zote karibu na tangi ni ya dada. Na tangawizi yake, wakati mabonde yote yamekauka, ilikuwa kijani. Ilikuwa kijani kwa sababu ya Alhamisi, kila mtu alijua ana Alhamisi. Lakini mtu mwenye kiu haoni siku za wiki. Walichimba kando ya nyumba yake wakitafuta bomba la siri, wakaharibu matuta, hawakukuta kitu. Kutokukuta kitu ndiko kulikomtia hatiani zaidi: basi ana ujanja mkubwa.

Sikuwepo kwenye mkutano waliouitisha, nimesimuliwa na dada mwenyewe.

"Wewe mama," mwenyekiti alimwambia mbele ya watu, "maji yanaingia juu kwako, chini hayatoki. Yanakwenda wapi?"

"Mimi nimeyameza?"

"Tunauliza kwa heshima."

"Heshima gani, mzee, na mmenichimbulia mpaka jikoni?"

Mtu akacheka nyuma akasema, "Labda anapikia vitumbua." Wakacheka wote, hata waliokuwa wakivila. Wakaamua: kwa kuwa anaiba maji ya bomba, asipewe ya ndiva. Alhamisi yake wakampa shemeji wa mwenyekiti.

Nilipata habari Same, kutoka kwa mchuuzi wa tangawizi aliyeshuka na gari la mzigo. Na kwa bahati, au sijui niite nini, siku ile ile nilimkuta yule fundi kwenye mgahawa anakula supu. Nikakaa mbele yake, nikamweleza. Hakuacha kutafuna.

"Ni upepo," akasema. "Uko pale kwenye kigongo."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile tunafukia. Mahali kama pale panatakiwa valvu ya kutolea upepo."

"Iko wapi valvu?"

"Ilikuwepo. Haikupanda mlima."

"Na hukusema?"

"Nilisema ofisini. Wewe ulitaka nisimame kwenye jiwe nitangaze?"

"Dada yangu amenyang'anywa maji."

Akafuta mdomo. "Mimi ni fundi wa bomba, kaka. Siyo wa vijiji."

Ningemmwagia ile supu. Mpaka leo sijui kilichonizuia. Mtu asiyejua unaweza kumsamehe, maana hata mimi, niliyekuwa nimeupampu upepo utoke kwenye lori kwa mkono wangu, nilichimba kigongo kile nisiwaze. Lakini huyu alijua, ofisi yake ilijua, na ukimya wao ulikuwa wa raha, kwa sababu kiu haikuwa yao.

Nikaazima spana kubwa kwa dereva, nikachukua na kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule wa kunyonyea mafuta, nikapanda. Sikwenda kwa dada kwanza. Nilikwenda kigongoni, nikafukua kwenye kiungo, nikalegeza. Lahaula! Bomba lililia kama ng'ombe aliyevimbiwa anapochomwa tumbo. Likalia muda mrefu, nikadhani halitanyamaza. Kisha likatema povu, likakohoa matope, na mwisho maji yakatoka mazito, yakanilowesha kifua. Nikakaza. Baada ya muda nikasikia vigelegele huko chini.

Mwenyekiti alinikuta pale pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani amekuruhusu kugusa mali ya umma?"

"Dada yangu naye ni umma?"

Mkutano ukaitwa. Niliujaza maji ule mpira mweupe, nikaupinda uwe na kigongo, nikaacha upepo kidogo pale juu unapopinda. Nikainua upande mmoja: maji yakasimama, yanasukuma, hayavuki. Nikawaambia, mfereji hauna paa, upepo ukiingia unajiondokea. Bomba lina paa pande zote. Upepo ukipanda kileleni unakaa pale kama mwenye nyumba. Hakuna aliyeiba. Nikatoboa kwa pini pale juu, maji yakavuka.

"Kumbe!" akasema mama mmoja wa bondeni, na akageuka kumtazama dada. Wachache waliinamisha vichwa. Yule aliyetania vitumbua alikuwa anakuna goti.

Mwenyekiti akasimama. Akashukuru Mungu kwa kurudisha maji. Akanishukuru hata mimi. Halafu akasema, "Mengine tuyaache yalivyo. Shemeji yangu ameshapanda mbegu. Tukimtoa sasa tutakuwa tumemwonea."

Tutakuwa tumemwonea! Nikawaambia: basi kile kiungo sikifungui tena, na upepo utarudi, nao warudi kwenye kata zao. Nilikuwa nimekwisha kuinua spana niondoke nayo.

Dada akaninyang'anya. Mbele ya wote.

"Hao watoto wa bondeni wamekukosea nini?" akasema. "Ukae na hasira zako, maji uyaache."

Wazee wa ndiva wakajadiliana, wakatoa uamuzi wao: Alhamisi igawanywe. Asubuhi iwe ya shemeji wa mwenyekiti, mchana iwe ya dada. Watu wakapiga makofi kwa hekima hiyo. Mtu yeyote aliyewahi kuchomoa kizibo cha ndiva anajua kwamba asubuhi ndiyo yenye maji. Mchana ni tope na vyura. Nao walijua, ndiyo maana walipiga makofi haraka.

Dada alikubali. Nilimfokea njia nzima kurudi nyumbani. Nilimwambia amejiuza, amewauza wanawe, amenifanya mjinga kijiji kizima. Alitembea mbele yangu bila kugeuka, na mlangoni tu ndipo aliposema:

"Wewe utashuka na lori. Mimi nitaamka hapa hapa, nao."

Nikamwachia spana, nikamwonyesha jinsi ya kulegeza. Nimesikia baadaye kwamba kila maji yakikata, walewale waliomwita mwizi hupanda kwake wakiwa wapole kama kondoo: "Shikamoo mama, tunaomba ututolee upepo." Naye hujifunga kanga, huenda. Valvu haikununuliwa. Kwa nini wanunue, wakati wana yeye?

Alhamisi iliyofuata mkutano ule nilikuwa bado sijaondoka. Saa sita dada akachukua jembe, akaenda kusimama kwenye mpaka wa shamba lake, mahali mfereji unapogawanyika. Yule shemeji alikuwa amemaliza kumwagilia. Udongo wake ulikuwa umelowa mpaka unang'aa. Alimwona dada. Akamwitikia salamu vizuri tu. Kisha akaketi ukingoni, akakunja suruali, akaanza kunawa miguu yake katika maji yaliyobaki, polepole, kidole kwa kidole, na dada amesimama na jembe anamsubiri.